Klabu ya Ligi Kuu yenye makao Dodoma itafute wapi wachezaji wapya?

#1 Mwana Makole

Mbukwenyi, wadau wa kanda ya kati.

Dirisha kubwa la usajili linakaribia, na kuna jambo ambalo naona tunalizungumza juu juu kila mwaka. Klabu nyingi za mikoani zina mazoea ya kusubiri Simba, Yanga na Azam zimalize kupanga vikosi vyao, ndipo ziende kuwachukua walioachwa, ama wakiwa huru ama kwa mkopo. Hoja yangu ni kwamba timu kama Dodoma Jiji, inayomilikiwa na halmashauri na iliyopanda Ligi Kuu msimu wa 2020/21, haiwezi kushindana kwa dau na Kariakoo, yaani Simba na Yanga, kwa hiyo inapaswa kushinda kwa kuona mapema. Mahali pa kuona mapema ni hapa hapa kwetu: Mpwapwa, Kongwa, Kondoa, Chemba, Bahi na Chamwino, pamoja na Manyoni na Itigi kwa jirani zetu wa Singida.

Naomba mnipinge kwa hoja. Je, vipaji vipo huku na hatuvioni, au havipo kwa kiwango cha Ligi Kuu?

#2 Kibaigwa Sokoni

Asante kwa uzi, mkuu. Vipo, ila vinaonekana wakati ambao msaka vipaji hayupo. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, inaanza Desemba na kukata Aprili, na katika miezi hiyo kijana wa kijijini yuko shambani na wazazi wake. Mpira wenyewe unachanganya baada ya mavuno, kuanzia Juni, mtama na alizeti vikishaingia ndani, ndipo kila kata inapoandaa kombe lake, zawadi ikiwa mbuzi au seti ya jezi, na ng'ombe kwa wenye uwezo.

Kwenye kombe moja la namna hiyo nilimtazama beki wa kushoto ambaye bado ananikaa kichwani. Alivaa njumu za kuazima zilizomzidi, kamba akazizungushia chini ya soli na kuzifunga juu ya kifundo ili zisimvuke. Kila winga alipotaka kuingia ndani, alimkuta yule kijana ameshaufunga mlango kwa mwili wake kabla mpira haujafika, na sikumwona akijitupa chini hata mara moja. Mechi ilipoisha akarudisha njumu kwa mwenyewe, akapanda nyuma ya bodaboda, akaenda zake. Hakuwapo mtu wa klabu yoyote, si ya Dodoma wala ya kwingineko.

#3 Hesabu Kwanza

Ndugu zangu, napinga kwa heshima. Kuona kipaji ni jambo moja, na kupata mchezaji wa kukusaidia Jumamosi ijayo ni jambo jingine kabisa. Kijana wa kombe la kata hajawahi kucheza mechi mbili ndani ya siku nne, hajawahi kushuka kwenye basi akitokea Bukoba na kesho yake akatakiwa kukimbia dakika tisini, wala hajawahi kuzomewa na uwanja mzima. Kocha anayepoteza mechi tano mfululizo anafukuzwa, kwa hiyo hatuwezi kumtaka ampe kijana huyo mwaka mzima wa kujifunza.

Chujio tunalo tayari. Kuna Championship inayofuata chini ya Ligi Kuu, kuna First League, na chini yake kuna Ligi ya Mabingwa wa Mikoa. Mshambuliaji aliyefunga msimu mzima kwenye viwanja vyenye mashimo, huku mshahara ukichelewa, amekwisha kufanya mtihani ambao hakuna majaribio yatakayoweza kuutunga. Leicester City walimchukua Jamie Vardy mwaka 2012 kutoka Fleetwood Town, iliyokuwa imetoka kumaliza msimu daraja la tano, kwa pauni milioni 1. Miaka minne baadaye walikuwa mabingwa wa Uingereza naye akiwa mshambuliaji wao.

#4 Mwalimu wa Michezo, Kongwa

Nawasalimu wote. Naona tumeruka shule, na huko ndiko watoto walipo. Michezo ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na ya UMISSETA kwa sekondari inaanzia shuleni, inapanda kata, wilaya na mkoa hadi taifa. Hakuna klabu hapa nchini yenye fedha za kuendesha mchujo mpana kiasi hicho, na mchujo huu unafanyika kila mwaka bila klabu kutoa hata shilingi.

Tatizo ni kwamba watu wa klabu, wakija, wanakuja ngazi ya taifa peke yake. Kufikia hapo, watoto wengi wazuri wameshaachwa kwa sababu shule yao ilifungwa mapema au kwa sababu nauli ya kumfikisha kambini haikupatikana. Mimi nina daftari ambalo ndani yake kila mtoto ana ukurasa wake: mguu anaotumia, nafasi aliyocheza, urefu wake kila muhula, na safu ninayoiamini kuliko zote, nayo ni anachofanya katika sekunde tano baada ya kupoteza mpira. Wapo wanaosimama na kushika kiuno, na wapo wanaorudi. Mabao siyaandiki sana, kwa sababu katika umri huo mwenye mwili mkubwa ndiye anayefunga.

#5 Irangi Damu

Mwalimu umesema kweli tupu. Ila mimi nasema kipaji hakina anwani. Sadio Mané alizaliwa Bambali, kijiji cha kusini mwa Senegali kilicho mbali na Dakar. Na hapa kwetu Mbwana Samatta alitoka Simba akaenda moja kwa moja Genk ya Ubelgiji. Mwenye jicho akikuona anakuchukua popote ulipo.

#6 Mpenda Rekodi

Ndugu Irangi, turekebishe hapo. Samatta alitoka Simba mwaka 2011 kwenda TP Mazembe ya Lubumbashi, akakaa huko miaka kadhaa, akawa mchezaji bora wa Afrika wa mwaka 2015 kwa wanaocheza ndani ya bara, na Genk wakamchukua Januari 2016. Kabla ya Simba alikuwa African Lyon, ambayo zamani iliitwa Mbagala Market. Mané naye hakuonwa Bambali. Alisafiri hadi Dakar akafanya majaribio Génération Foot, na klabu hiyo ilikuwa na ushirikiano na Metz ya Ufaransa, ndiko alikokwenda mwaka 2011.

Naikazia mifano hii miwili kwa sababu inampinga mleta uzi. Samatta ni mtoto wa Mbagala, na Mané alilazimika kwenda jijini. Mji mkubwa hautoi watoto wenye vipaji zaidi, bali unatoa wapinzani zaidi. Mtoto wa Mbagala anakutana na watoto wazuri kila jioni, na yule wa Chemba anaweza kuwa bora kuliko wote kijijini kwake hadi anafika miaka ishirini bila kukutana na mtu wa kumwonyesha upungufu wake. Tangu treni ya SGR ianze safari za Dodoma mwaka 2024, mtu wa klabu anaweza kutoka hapa asubuhi, akatazama mechi za mchangani Dar es Salaam, na asiingie gharama kubwa. Kwa nini ajifunge mkoani?

#7 Mzee wa Nkuhungu

Wanangu, nimesoma yote. Nimecheza mpira enzi ya timu za mashirika na baadaye nikafundisha vijana, kwa hiyo naomba niongelee namna ya kutafuta, maana mnazungumzia mahali tu.

Ugonjwa mkubwa ni haya majaribio ya wazi. Klabu inatangaza redioni, vijana zaidi ya mia wanafika uwanjani tangu alfajiri, wengine wamelala stendi. Wanagawiwa namba kwa kalamu ya wino mzito, wanapangwa kumi na mmoja kwa kumi na mmoja na watu wasiowajua hata majina, na kila kundi linapewa dakika ishirini. Katika dakika ishirini kila mmoja anataka aonekane, kwa hiyo hakuna anayetoa pasi. Beki wa kati anayejua kujipanga haguswi na mpira, kwa sababu kujipanga kwake ndiko kunakofanya mpira usije kwake. Kiungo mkabaji haonekani kabisa. Wanaochaguliwa ni wenye mbio na chenga. Halafu msimu ukianza tunalalamika kwamba nchi haina viungo wakabaji, wakati tumewarudisha nyumbani sisi wenyewe, na namba zao zikiwa bado mkononi.

#8 Kibaigwa Sokoni

Shikamoo mzee wangu. Maelezo yako yananifanya niulize: yule beki wangu wa njumu za kuazima angekuja kwenye majaribio hayo, angechaguliwa?

#9 Mzee wa Nkuhungu

Marahaba mwanangu. Asingechaguliwa. Mtu kama huyo anahitaji kutazamwa mechi tatu akiwa na timu yake mwenyewe, kwenye nafasi yake, na moja ya mechi hizo iwe ambayo timu yake inafungwa.

#10 Hesabu Kwanza

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe kuhusu majaribio, ila naona unaniunga mkono bila kusema, kwa sababu mechi tatu na timu yake kwenye nafasi yake ndicho kitu ambacho ligi za chini zinakupa bure, tena si tatu bali msimu mzima. Zaidi ya hayo, kuna suala ambalo hamjaligusa, nalo ni vijeba. Kwenye mashindano ya shule na ya vijana, umri wa kwenye karatasi na umri wa mwilini vinatofautiana mno. Unamchukua mtoto wa miaka 16 anayetawala uwanja, kumbe ana 20, na ukifika mwaka wa tatu unashangaa mbona haongezeki.

#11 Mhasibu ni wewe

Mkuu Hesabu, kila hoja kwako inaanza na daftari la hasara, nadhani hata harusini unahesabu sahani. Lakini kwenye vijeba uko sahihi. Sisi Watanzania tulinufaika na jambo hilo mwaka 2017. Serengeti Boys walitolewa na Kongo Brazzaville kwenye kufuzu fainali za Afrika za vijana chini ya miaka 17, kisha CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikawaondoa Kongo kwa kushindwa kumpeleka mchezaji wao kwenye kipimo cha umri, na sisi tukaenda Gabon.

#12 Daktari wa Mifupa Mstaafu

Niongeze maelezo ya kitaalamu, kwa kuwa kipimo hicho hutajwa sana bila kuelezwa. Ni picha ya kifundo cha mkono inayochukuliwa kwa MRI, na FIFA ilianza kuitumia kwenye Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 lililofanyika Nigeria mwaka 2009. Kinachotazamwa ni kama sehemu ya kukua ya mfupa imeshaungana kabisa. Kwa wavulana wa umri huo inasaidia kuwatenga waliokwisha kukua, lakini haiwezi kukwambia mtu ana miaka 19 au 22, kwa sababu mfupa ukishaungana umeungana.

Kuna jambo jingine ambalo si udanganyifu na linawaumiza watoto wengi zaidi. Umri wa mashindano ukihesabiwa kuanzia Januari 1, aliyezaliwa Januari anacheza na aliyezaliwa Desemba, naye amemzidi karibu mwaka mzima. Katika umri wa miaka 13 mwaka mmoja ni sentimita kadhaa na kilo nyingi. Uchunguzi wa nchi nyingi umeonyesha kuwa timu za vijana hujaa waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka. Kwa hiyo, klabu isiyo na fedha ingefanya vyema kuwatafuta kwa makusudi waliozaliwa Oktoba, Novemba na Desemba ambao wamebaki kwenye timu licha ya udogo wao, kwa kuwa hao wanabaki kwa akili na ufundi. Vardy aliyetajwa kwenye #3 aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa na miaka 16 kwa kuonekana mdogo wa umbo.

#13 Mwalimu wa Michezo, Kongwa

Daktari, asante sana. Kuanzia muhula huu naongeza safu ya mwezi wa kuzaliwa. Kwa upande wa vijeba, sisi walimu tunajua pia kuna mamluki, yaani kijana asiye mwanafunzi wa shule hiyo anavalishwa sare wiki ya mashindano. Anayetaka kujua ukweli asianze na cheti. Amuulize mtoto alikuwa darasa gani mwaka juzi na nani alikuwa mwalimu wake wa hesabu.

#14 Manyoni Junction

Kwa mtazamo wangu mnazunguka tu. Wachezaji wanaobadilisha timu za Ligi Kuu yetu wanatoka nje. Burundi na Kongo si mbali. Klabu ipeleke mtu Bujumbura, ichukue vijana wa miaka 16 wenye vipaji kabla Kariakoo haijawaona, iwalee hapa Dodoma.

#15 Mpenda Rekodi

Hilo haliwezekani kisheria, mkuu. Kifungu cha 19 cha kanuni za FIFA kuhusu hadhi na uhamisho wa wachezaji kinakataza uhamisho wa kimataifa wa mchezaji aliye chini ya miaka 18. Yapo matukio machache ya kuruhusiwa, kama wazazi kuhamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu mpira, au mchezaji na klabu kuwa ndani ya kilomita 50 kutoka mpakani. Dodoma iko katikati ya nchi, kwa hiyo la mpaka halituhusu hata kidogo. Unaweza kumfuata mwenye miaka 18 na kuendelea, lakini huyo tayari ameshaonwa na wengine.

Kanuni hizo hizo zina faida ambayo klabu za mikoani zinaiacha. Tuseme kijana mliyemlea anauzwa kati ya klabu za nchi mbili tofauti kwa dola milioni 1 kabla mkataba wake haujaisha. Asilimia 5 ya fedha hiyo hugawiwa klabu zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23: kila msimu wa miaka 12 hadi 15 una asilimia 0.25 ya dau lote, na kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una asilimia 0.5. Klabu iliyokuwa naye kwa misimu minne tangu akiwa na miaka 16 inapata dola 20,000, na kila anapouzwa tena kwa namna hiyo inapata tena. Tangu Novemba 2022 malipo haya yanapitia chombo maalumu cha FIFA. Sharti lake ni kwamba kijana awe amesajiliwa rasmi kwenye klabu hiyo katika miaka hiyo, si kufanya naye mazoezi tu.

#16 Dada wa Nzuguni

Naandika kama mzazi. Mwanangu aliwahi kuchukuliwa na kituo kimoja cha mkoa mwingine, ambacho sitakitaja, kwa ahadi kwamba angesoma na kucheza. Alicheza, lakini hakusoma. Sare ya shule niliyomshonea alirudi nayo ikiwa haijawahi kuvaliwa. Aliumia goti, akapewa nauli, na hapakuwa na mtu aliyenipigia simu kuniuliza anaendeleaje.

Nyote mnajadili wapi mtamwona mtoto, na hakuna aliyeuliza kwa nini mzazi akupe mtoto wake. Vijiji vyetu vina wazazi wanaowaficha vijana wao wasionekane, kwa sababu wamesikia yaliyowapata wa jirani. Klabu iliyo karibu ina nafasi nzuri hapo, kwa kuwa mama wa Hombolo au wa Mvumi anaweza kupanda gari asubuhi, akamwona mwalimu mkuu, akaangalia anapolala mwanawe, na kurudi jioni hiyo hiyo. Mtu wa Kariakoo hawezi kumpa hilo, hata akija na dau kubwa namna gani.

#17 Mwana Makole

Pole sana, dada yangu. Hoja yako inaipa hoja yangu mguu ambao sikuwa nimeuona, kwamba ukaribu unarahisisha kuaminiwa kuliko unavyorahisisha kuona. Ndugu Mpenda Rekodi, uwingi wa wapinzani wa Dar es Salaam naukubali, lakini huko tutakuwa klabu ya kumi kufika kwa mtoto yule yule, ilhali Chemba tutakuwa wa kwanza.

#18 Fundi wa Chinangali

Naomba nikumbushe kwamba tunazungumza kana kwamba mpira ni wa wavulana peke yao. Shule ya Fountain Gate ya hapa Dodoma ilitwaa ubingwa wa Afrika wa mashindano ya shule kwa wasichana, kule Durban, Aprili 2023. Walipatikana kwa kuwekwa shuleni pamoja, wakala, wakasoma na kucheza mahali pamoja. Hiyo ni njia ya tatu, ambayo si ya mchangani wala ya ligi za chini. Hata ASEC Mimosas ya Abidjan ilifungua kituo chake mwaka 1994, na ilipofika 1999 vijana waliotoka humo waliwafunga Espérance ya Tunisia 3-1 kwenye Super Cup ya Afrika.

#19 Hesabu Kwanza

Mfano wa ASEC ni mzuri, lakini tusisahau kilichofuata: kizazi kile kilikwenda Ulaya karibu chote. Klabu inayolea vijana inakuwa ya kuuza, na mashabiki wa Dodoma wanataka nafasi nzuri kwenye msimamo. Halmashauri ina barabara, shule na zahanati za kuhudumia. Nani atamwambia diwani asubiri miaka mitano?

#20 Fundi wa Chinangali

Diwani huyo huyo analipia usajili kila mwaka kwa wachezaji wanaoondoka bure mikataba ikiisha. Hapo hatumuulizi fedha zimekwenda wapi.

#21 Irangi Damu

Mimi nabaki na jicho. Steve Walsh wa Leicester alikwenda Le Havre kumtazama mchezaji mwingine, akamwona Riyad Mahrez, na Januari 2014 wakamsajili. Angekaa ofisini akitazama video za yule aliyetumwa kumwangalia, Mahrez asingemwona. Siku hizi mawakala wanatuma video za dakika tatu zenye muziki, na ndani yake hakuna pasi hata moja iliyopotea. Mtu wa klabu apewe pikipiki, mafuta na posho ya kulala Kondoa, basi.

#22 Kipa wa Zamani, Mpwapwa

Uzi mzuri, ila mmewasahau makipa. Mchezaji wa nafasi nyingine unaweza kumwokota mchangani. Kipa ni vigumu sana, kwa sababu mchangani anayewekwa golini ni yule aliyeshindwa kucheza mbele, na hakuna anayetaka kujitupa kwenye changarawe bila nyasi. Ushauri wangu ni kwamba klabu iwatazame makipa wa mpira wa mikono kwenye UMISSETA. Wanasimama mita chache mbele ya mtu anayerusha kwa nguvu zote, wanatumia miguu na mikono pamoja, na hawafumbi macho.

#23 Mzee wa Nkuhungu

Kwa mashuti ya karibu nakubali. Krosi je? Kipa wa mpira wa mikono hajawahi kutoka langoni kugombea mpira wa juu na watu watatu. Na siku hizi kipa anatakiwa apige pasi kwa mguu kama beki.

#24 Kipa wa Zamani, Mpwapwa

Krosi zinafundishika akiwa na miaka 14, mzee wangu. Kutofumba macho sijawahi kuona kukifundishwa kwa mtu mzima.

#25 Mwalimu wa Michezo, Kongwa

Ninaye mmoja wa kidato cha pili, wa mpira wa mikono, amezaliwa Novemba, na mikono yake ni mirefu kuliko ya wenzake wote. Sijawahi kumweka kwenye goli la soka. Ndugu wa Mpwapwa, kama una nafasi Jumamosi shule zikifunguliwa, njoo umpigie krosi kwa saa nzima tuone. Uje na glovu, sisi hatuna.

#26 Kipa wa Zamani, Mpwapwa

Nitakuja nazo jozi mbili. Mzee wa Nkuhungu naye aje, ili abishane akiwa pale pale uwanjani.